Simu Haina Bado

Gauni la kwanza la mama nilipolipunguza, nililaumu kitambaa. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani huanza kwa kulaumu kitambaa, kisha humlaumu fundi aliyetangulia, na akikosa wa kumsingizia ndipo hujitazama mwenyewe. Gauni lile nilikuwa nimelishona mimi, la kitenge cha bluu, kwa ajili ya Pasaka. Nikasema kitenge kimelegea kwa kufuliwa na magadi. Nikaingiza mshono ubavuni kidogo huku na huku, nikapiga pasi, nikamrudishia. Mama akalivaa akaenda nalo misa, na kina mama wenzake wakamwambia limemkaa vizuri.

Wakati huo alikuwa ameshahamia kwangu, hapa Mpanda mjini. Alitoka Mpimbwe, kwenye majaruba yake ya mpunga, kwa sababu ya ugonjwa ambao yeye aliuita moto. Alikuwa akikaa na watu wakizungumza, ghafla huweka kiganja katikati ya kifua na kusema, "Moto umepanda," kisha hunyamaza mpaka upite. Aliuzoea kama mtu anavyomzoea mgeni asiyeondoka. Kule kijijini alikuwa akiutuliza kwa kulamba magadi, na kwa maziwa aliyopewa na jirani zake Wasukuma, ambao alikuwa akiwalaumu kwa ng'ombe wao kuingia kwenye mpunga asubuhi na kuwashukuru kwa maziwa jioni. Magadi yaliposhindwa na maziwa yakashindwa, nilikwenda kumchukua.

Kwenye kituo cha afya tulipokewa na daktari kijana, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa na bibi. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, jambo ambalo si wengi hulifanya, akamweleza kwamba tumboni kuna asidi ya kusagia chakula, na kwamba yake yeye imekosa adabu, inarudi juu na kuunguza koo, na ndiyo inayomletea kile kikohozi cha asubuhi. Akampa vidonge vya kumeza nusu saa kabla ya kula. Halafu akasema neno ambalo mama alilibeba mpaka nyumbani: moto huu ukiachwa uendelee kuunguza, koo huota makovu, njia inakuwa nyembamba, na chakula kinakosa pa kupita.

"Sasa nikishindwa kumeza ugali, baba, nitakuwa nimebaki nini?" mama alimuuliza.

"Ndo maana nataka unywe dawa bila kukosa, bibi," alijibu. "Ukinisikiliza, ugali utakula mpaka uchoke mwenyewe."

Basi hilo ndilo lililokuwa shauri letu. Hatukutaka makubwa. Tulitaka mama aendelee kula ugali.

Yule daktari akasema kuna aplikesheni mpya ya simu, imetengenezwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii, inamkumbusha mtu dawa na kumuuliza hali yake kila siku, na majibu yake yeye daktari anayaona. Mama alitoa simu yake mfukoni mwa koti, kile kitochi chake cha vitufe kilichofungwa kwa mpira, akakiweka mezani kwa heshima zote. Daktari akacheka, mimi nikacheka, mama akakirudisha. Ikabidi programu iwekwe kwenye simu yangu. Ikajaza jina yenyewe, jina langu, lililokuwa limo kwenye simu, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha. Simu ni ya kwangu, mgonjwa ni mama yangu. Nani angedhani kwamba jina lingekuja kuwa jambo?

Daktari alinisisitizia kitu kimoja tu. Maswali ya jioni ajibu mgonjwa mwenyewe, asijibiwe na mwingine, kwa kuwa maumivu hayana msemaji. Mama alikuwa anasoma. Alifundishwa kusoma ukubwani, na tangu hapo hakuna karatasi iliyompita, hata gazeti la kufungia maandazi alilinyoosha kwanza akalisoma. Kwa hiyo nikakubali.

Siwezi kusema programu ile haikufanya kazi, ningekuwa mwongo. Ilipolia asubuhi, mama aliacha alichoshika. Aliiita nesi. "Nesi ameita," alisema, na kidonge kikaenda na maji ya uvuguvugu, kisha alikaa kwenye kigoda akisubiri nusu saa yake ipite, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefika mapema kanisani. Ikamwambia aache chai ya rangi kali, akaacha, na kuacha chai kwa mama yangu ni sawa na mwingine kuacha dini. Ikamwambia aache pilipili, akaacha. Ikamwambia asilale akitoka kula, akawa anatembea uani kwenda na kurudi, akiwasalimia majirani juu ya ukuta. Ikamwambia ainue kitanda upande wa kichwa. Nikaweka matofali chini ya miguu ya kitanda, na asubuhi yake nikamkuta amekunjamana kule chini.

"Nateremka kama mchele kwenye ungo," alisema. Lakini matofali hakuyaondoa.

Jioni, tukishakula, simu ililia tena mlio mwingine, mwembamba. Huo ulikuwa wakati wa swali. Nilimpa simu nikaendelea na vyombo. Alivaa miwani, akasoma midomo ikimcheza, akainua macho akanitazama kidogo, ndipo akabonyeza. Simu ikatoa kengele, likachomoza jani la kijani, na chini yake neno: Hongera. Mama aliniangalia hivyo kila jioni kabla ya kubonyeza. Nilidhani miwani imechoka na macho yake yanatafuta pa kupumzikia.

Swali lenyewe nililijua, nilikuwa nimelisoma siku ya kwanza. Lilianza kwa jina langu na habari ya jioni, halafu: Leo umepata kiungulia? Ndiyo au Hapana. Na mama alijibu Hapana. Majani ya kijani yakajaa kwenye simu, na mimi nikawaonyesha wateja wangu pale sokoni kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Tuliporudi kwa daktari, naye aliyaona majani akafurahi, akamwita mwenzake chumba cha pili aje aone bibi anavyofuata dawa. Kisha akamgeukia mama.

"Kiungulia vipi, bibi? Kipo?"

Mama alijiziba mdomo kwa upande wa khanga. "Kiungulia tena, baba? Kwa umri huu?"

Akacheka, daktari akacheka, yule mwenzake naye akacheka. Wao walisikia mtu mzima anayetamba kwamba amepona. Daktari akaandika dawa ileile, akasema tuendelee hivyo hivyo. Tulipotoka nje mama aliniambia kijana yule ni mzuri lakini ana utani.

Halafu nikapunguza gauni la pili, na la tatu. La bluu nikalirudia tena.

Nyumbani kwangu kulikuwa na jambo jingine lililomficha mama, nalo ni adabu yake. Mume wangu ananunua samaki Karema, anawakausha na kuwaleta mjini, kwa hiyo yuko ziwani wiki kadhaa na nyumbani siku chache. Akiwepo, mama hakula mbele yake. Kwao mkwe hatafuni mbele ya mkwe. Alichukua sahani yake akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kibaraza cha jikoni, na mume wangu alikuwa akimchagulia migebuka minono, akisema hii ni ya mama mkwe, msiiguse. Sahani ilirudi tupu. Baadaye hata mume wangu akiwa Karema mama aliendelea kula kulekule nyuma, akasema amezoea hewa yake. Sahani ikaendelea kurudi tupu. Kuku wangu wakanenepa mpaka jirani mmoja akaniuliza ninawapa chakula gani.

Nilikuwa na vipimo viwili ndani ya nyumba. Futi yangu ilisema mama anaisha. Simu ilisema hongera. Futi ilikuwa ya kwangu, ya mtaani, imefutika namba mwanzoni. Simu ilikuwa na daktari ndani yake. Mtu yeyote angeiamini simu, na kama kuna asiyekubali aje tubishane.

Siku moja nilirudi mapema kutoka sokoni kwa sababu umeme ulikatika na pasi zangu zilikuwa za umeme. Nikapita nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amekaa kibarazani, sahani mapajani, jua bado lipo. Alimega tonge, akalichovya, akalitia mdomoni, akalitafuna muda mrefu kuliko mtu anavyotafuna nyama ngumu. Kisha shingo ikamjaa. Akanyoosha kidevu juu, akafumba macho, akalirudisha kiganjani polepole kwa heshima, akawarushia kuku. Akamega jingine.

Mimi nina hasira za karibu, kila aliyewahi kuchelewa kunilipa anajua. Nilimfokea mama yangu kama ninavyomfokea mwanagenzi.

"Mama, chakula unawapa kuku?"

Hakushtuka. "Hakipiti," alisema.

"Tangu lini hakipiti?"

"Tangu mpunga unachanua. Uji unapita. Ugali unakaa hapa." Akajigusa chini ya koo.

Wakati ule mpunga ulikuwa umeshavunwa, umeshakobolewa, na mchele wake mpya ulikuwa umeletwa kutoka kwenye majaruba yake na kuliwa na wengine.

"Na moto je?"

"Moto upo. Uliondoka lini?"

"Sasa mbona simu unaiambia Hapana? Kila jioni, mama. Kila siku ya Mungu unabonyeza Hapana."

"Simu haijawahi kuniuliza moto."

"Inakuuliza kiungulia."

Alinitazama muda mrefu. Uso wake ulikuwa ule wa jioni, wa kabla ya kubonyeza, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Mie?" alisema. "Inakuuliza wewe, mwanangu. Inaanza kwa jina lako."

Kwa msomaji ambaye hakulelewa na mama kama wangu, nieleze. Mimi nimesoma mjini, na kwangu kiungulia ni kiungulia, kinampata yeyote aliyekula maharage usiku. Mama yangu hakukijua kiungulia cha namna hiyo. Kwake neno hilo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke mwenye mimba. Kiungulia ndicho kilichomwambia mama mkwe wake kwamba mimi niko njiani. Kikizidi, walisema, mtoto atatoka na nywele nyingi. Mwanaume hana kiungulia, na mjane wa umri wake akisema ana kiungulia, watu watamtafuta aliyemharibu. Kilichokuwa kikimwunguza yeye kilikuwa moto, na moto hakuna aliyemuuliza.

Na mimi sina mtoto. Nimeolewa miaka mingi, mume wangu ni mtu mwema, na sina mtoto. Tumekwenda hospitali, tumekwenda kwa waombaji, shangazi zangu walinipeleka na kwingine nisikotaka kukutaja. Mama hakuwahi kunigusia. Hata mara moja. Watu wa ukoo walinisema misibani na harusini, yeye alinyamaza au aliwabadilishia mazungumzo, na mimi nilidhani amekwisha kukubali, au amesahau. Nilimpenda zaidi kwa kimya kile.

"Nilijua daktari amekuwekea ya kwako humo humo," alisema. "Nikasema labda hataki kukuuliza mbele yangu, ameipa simu ikuulize. Na wewe ukawa unanipa mie nijibu. Nikasema, haya, mwanangu ana aibu, ngoja nimjibie."

"Ulijuaje cha kujibu?"

"Nani anakuanikia nguo zako za kila mwezi?"

Nilikaa chini kibarazani. Kwanza nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka kuku wakakimbia. Mama hakucheka.

"Nilikuwa nakubonyezea Hapana roho inaniuma," alisema. "Halafu ile simu inakupa hongera. Mtu amekosa mtoto, inampa hongera, kila siku inarudia. Nikasema hii simu walioitengeneza hawana adabu. Nikataka kukwambia uiache, nikaogopa nitakuumiza."

Kwetu hongera anapewa aliyejifungua. Unaingia kwa mzazi na khanga mpya na sabuni, unasema hongera, naye anasema ahsante. Mama alikuwa amekaa ndani ya nyumba yangu akiona neno hilo likitupwa kwenye tumbo langu tupu jioni baada ya jioni, na hakusema kitu ili asiniumize, huku chakula kikimkwama. Hapo sikucheka tena. Nililia kwa sauti, na yeye akanipangusa kwa khanga ileile aliyokuwa akifutia mikono yenye ugali.

Daktari kijana nilipomweleza alichukua simu akalisoma swali kama hajawahi kuliona, akamtazama mama, akalisoma tena.

"Bibi, nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini, baba? Si umeniponya kikohozi cha asubuhi." Kweli, kikohozi kilikuwa kimepungua. Vidonge havikuwa na kosa.

Akaandika tupelekwe Mbeya, kwenye kipimo cha kamera. Akasema atawaandikia waliotengeneza programu walibadilishe lile swali. Nikamwambia awaambie waandike moto. Nilisema kwa ukali, na sijajuta. Yeye akaandika pembeni: moto.

Safari ya Mbeya mama aliikaa dirishani tangu tulipoondoka. Kupita Sumbawanga aliniambia mahindi ya huku ni mafupi, lakini udongo ni mzuri. Alikuwa na chupa ya uji mapajani, na kila basi liliposimama na watu wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, yeye alifungua chupa akanywa funda moja, akafunga. Mara moja alinunua hindi. Alilishika tu, akalinusa, akanipa mimi.

Daktari wa kule, mwanamke wa makamo, aliniita pembeni kwenye korido baada ya kipimo. Hakuficha. Njia ilikuwa imebaki nyembamba, na palipobana palikuwa pameota kitu kisichotakiwa, nacho kilikuwa kimeenda mbali. Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaba tangu Mpanda. Je, kama tungejua wakati mpunga unachanua?

"Huenda ingesaidia, huenda isingesaidia," alisema. "Usijibebeshe."

Hilo "huenda" ni neno la mtu anayeweza kumeza chakula chake. Najua alikuwa ananihurumia. Lakini nilimchukia kwa muda wa korido nzima, na nilipofika mwisho wake nilikuwa nimechoka hata kumchukia.

Mama hakutaka kubaki Mbeya. Alisema kama ni kunywa uji, uji wa Mpanda anaujua. Tulirudi. Nikawa napika uji mwembamba wa mchele wake mwenyewe, nauchuja kwa kitambaa kisafi cha pamba nilichokatia dukani kwangu, kwanza mara moja, baadaye mara mbili. Mume wangu aliporudi kutoka Karema na migebuka alisimama mlangoni hajui aiweke wapi. Akaenda akaichemsha mwenyewe, akachuja supu, akamwachia mama kwenye bilauri nje ya mlango wake, akagonga, akaondoka kabla hajafungua. Mkwe na mkwe. Mama aliimaliza ile supu kwa muda mrefu sana, akasema mkwe wake anajua kutia chumvi.

Nesi aliendelea kuita. Jioni moja, mlio ule mwembamba ulipolia, nilichukua simu nikasema naifuta hii takataka. Hasira zilikuwa zimenipanda tangu asubuhi, kwa jambo dogo, mteja aliyekataa mshono.

"Usifute," mama alisema. "Nipe."

Alikuwa amelala, kichwa juu, matofali yalikuwa bado pale chini ya kitanda, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba hakuteremka tena. Nikamvalisha miwani. Ilikuwa imekuwa mikubwa usoni mwake. Swali walikuwa hawajalibadilisha. Akalisoma lote midomo ikimcheza, lakini safari hii alilisoma kwa sauti, tangu jina langu, kisha akageuza uso akanitazama.

"Leo umepata kiungulia?"

Ndilo swali ambalo mama yangu hakuwahi kuniuliza maisha yake yote. Aliliuliza taratibu, bila lawama, kama anayeuliza kama mvua imefika Mpimbwe.

"Bado, mama," nilisema.

Hakuna mwanamke wa kwetu anayejibu hapana kwa swali la mtoto. Una watoto? Bado. Hata akiwa na mvi anasema bado. Hapana inafunga mlango, na mlango ule hatufungi sisi. Mama akakubali kwa kichwa. Akaisogeza simu karibu na macho, akaanza kutafuta. Kidole chake kilikwenda kwenye Ndiyo, kikaja kwenye Hapana, kikarudi.

"'Bado' haimo," alisema.

"Haimo, mama."

"Ndo maana ilikuwa inaniuma." Akavua miwani. "Mie nilikuwa natafuta bado kila siku, nakosa, nabonyeza hiyo nyingine." Akaigeuza simu kifudifudi juu ya shuka. "Basi tusiijibu. Ingoje."

Tulimzika Mpimbwe, karibu na baba, mahali ambapo ukisimama unayaona majaruba. Watu walikuja wengi. Uani, wakati wa chakula, nilimsikia mwanamke mmoja wa ukoo akimwambia mwenzake kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na marehemu naye alikuwa msiri. Nilikuwa nimebeba sufuria la wali. Nililiweka chini, nikamwambia mama yangu hakuficha kitu, aliulizwa vibaya. Hawakunielewa, wakasema majonzi. Mume wangu akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba nikatulie, na huko nyuma kulikuwa na kuku, nikashindwa kutulia.

Gauni la bluu lipo dukani, kwenye hanga, nyuma ya nguo za wateja. Ukiligeuza ndani unaona mishono yangu yote, mmoja ndani ya mwingine, kuelekea katikati. Mtu mmoja aliliulizia, nikamwambia si la kuuza.

Programu sijaifuta. Nasikia kwa wagonjwa wapya wameshabadilisha swali, wameweka maneno mengi, kifua kuwaka, moto kupanda, lakini ya kwangu ni ile ya zamani, sijaigusa. Jioni inalia, inaniita jina, inanisalimu, inaniuliza. Inasema pia kwamba siku nyingi sijajibu. Mimi nasimamisha cherehani, nasema "bado" kwa sauti, kwa mtu asiyekuwepo kwenye kigoda kile, kisha naendelea kushona.